Jinsi ya kusoma printi ya zamani ya staa wa jukwaani: anzia chini, uso baadaye

Mtu akikutumia picha ya zamani ya jamaa kavaa wigi, macho yamemtoka, mikono iko hewani kama kaona jini, akakwambia huyu ni David Garrick, muigizaji mkubwa wa London miaka ya 1700, macho yako yataenda moja kwa moja usoni. Yarudishe. Shuka mpaka chini kabisa ya picha, pale kwenye ukingo wenye viandishi vidogo ambavyo mafundi fremu wengi wanavifunika au wanavikata kabisa, usome pale kwanza. Uso wa kwenye printi, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi, mara nyingi kutoka bamba la shaba lililochongwa, umepita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kukufikia na kila mmoja kaongeza uzuri wake, ila yale maandishi yanakwambia nani alichora, nani alichonga, nani alitoa hela, lini, na duka lilikuwa mtaa gani. Ukishasoma printi nyingi kwa mtindo huo utaona jambo moja linajirudia: ustaa wa hawa watu jukwaa lilitoa nusu tu, nusu ya pili ilipikwa dukani na wauza picha.

Mwongozo huu ni wa printi za London, kuanzia 1728 mpaka miaka ya 1850 hivi. Unahitaji simu au kompyuta, rula, na kama una karatasi yenyewe mkononi basi na lenzi ya kukuzia, hata ile ya mafundi saa inatosha.

Hatua ya 1: tafuta picha kubwa, achana na zile za kushea

Picha iliyozunguka kwenye magrupu imeshabanwa mpaka maandishi yamekuwa ukungu. Ingia tovuti za British Museum, National Portrait Gallery na Victoria and Albert Museum za London, Folger Shakespeare Library ya Washington, au Metropolitan Museum ya New York, tafuta jina la muigizaji, alafu vuta picha karibu kadiri inavyokubali. Met tangu 2017 wameziachia picha za kazi zao zilizoisha hakimiliki, uzitumie unavyotaka bila kulipa. British Museum wana masharti, biashara hawaruhusu hivihivi, kwahiyo kama mpango wako ni kuzichapa kwenye tisheti za kuuza soma kwanza yale maneno yaliyo pembeni ya picha.

Hatua ya 2: maandishi ya chini, neno kwa neno

Mpangilio haubadiliki sana. Kona ya kushoto kuna jina lenye pinx. au pinxit, huyo ndo alichora ile picha ya rangi ambayo printi imetokana nayo. Ukikuta del. au delin. ujue ulikuwa mchoro tu wa penseli au wino. Kona ya kulia kuna sculp. au sc., mchongaji, aliyekaa na bamba la shaba mpaka mgongo ukamuuma. Saa ingine badala yake wanaandika fecit au f. tu, na hiyo utaikuta sana kwenye mezotinti (aina ya uchongaji, naieleza Hatua ya 4), nayo ni mchongaji huyohuyo. Exc. au excudit ni mwenye duka, mwenye mali.

Katikati kuna kichwa cha picha, na hapo tulia kidogo. Printi aliyotoa William Hogarth, mchoraji na mchongaji wa London, 1746 imeandikwa "Mr. Garrick in the Character of Richard the 3d". Jina la muigizaji limetangulia, mfalme kaja nyuma. Mnunuzi ananunua Garrick, Richard ni nguo aliyovaa siku hiyo. Printi nyingi za jukwaani za wakati ule zina mpangilio huohuo, kwahiyo ukikuta moja jina la mhusika liko juu kwa herufi kubwa na la muigizaji limefichwa huko chini, hata hiyo ni habari, huenda muigizaji mwenyewe alikuwa bado hauziki.

Kama maandishi hayapo kabisa kuna mawili. Ama mtu kakata ukingo, ama ni nakala ya mwanzo iliyochapwa kabla maandishi hayajachongwa, na hizo wakusanyaji walizilipia zaidi. Namna ya kujua ni kutafuta alama ya bamba, lile bonde dogo linalozunguka picha, kwasababu bamba la shaba linakandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu na linaacha mbonyeo. Ukiona bonde lote lipo na ndani yake hakuna maandishi, pale chini peupe, hiyo ni nakala ya mwanzo. Bonde likikosekana upande wa chini, mkasi umepita hapo.

Hatua ya 3: tarehe, na mtego wake

Hogarth na wachongaji wenzake walichoshwa na wezi wa kazi zao, wakaenda Bungeni, na kuanzia tarehe 24 Juni 1735 Uingereza ikawa na sheria ya kulinda printi kwa miaka 14. Sharti lake lilikuwa jina la mwenye mali na tarehe ya kutolewa mara ya kwanza viandikwe kwenye kila nakala. Mwaka 1767 muda ukaongezwa ukawa miaka 28. Ndo maana chini kabisa utakuta kamstari kembamba kanachotaja sheria ya Bunge, tarehe, jina na mtaa. Sisi tunaosoma leo tumepewa zawadi na ugomvi wa hakimiliki.

Mtego sasa. Hiyo tarehe ni ya bamba, karatasi uliyoshika inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye. Bamba lilikuwa mali, linauzwa, linarithiwa, na akina Robert Sayer wa Fleet Street na John Boydell wa Cheapside walikusanya mabamba ya zamani wakaendelea kuyachapa kwa raha zao. Mmiliki mpya anakwangua anuani ya mwenzake anaweka ya kwake. Kwahiyo fungua nakala mbili tatu za printi moja kwenye makumbusho tofauti, linganisha mstari wa chini, na vuta karibu pale kwenye anuani, saa ingine mabaki ya herufi za zamani bado yanaonekana chini ya herufi mpya. Wachongaji wengine walienda mbali zaidi wakabadili hadi kichwa: kuna bamba maarufu la Pierre Lombart, mtu juu ya farasi, ambalo lilibadilishwa uso likawa mara Cromwell aliyeongoza vita dhidi ya mfalme, mara Charles wa Kwanza, mfalme mwenyewe. Farasi ni yuleyule, siasa tu ndo imehama.

Za kabla ya 1735 tarehe inabidi uitafute nje ya picha. Mfano mzuri kuliko yote ni Lavinia Fenton. Binti hajulikani na mtu, Januari 1728 anapewa nafasi ya Polly kwenye The Beggar's Opera ya John Gay, mchezo unapigwa mara 62 msimu huohuo, jambo ambalo London haikuwa imezoea. John Faber mdogo akatoa mezotinti yake kutoka picha ya John Ellys. Tunajua ilitoka Machi 1728 kwasababu Gay mwenyewe alimwandikia rafiki yake Jonathan Swift kwamba printi ya Polly imetoka siku hiyo, na binti kapanda chati kiasi kwamba yeye Gay hana uhakika kama sifa zake hazijaipita opera yenyewe. Mtunzi anaonea wivu picha! Mshairi Alexander Pope naye akaandika kwamba wanawake walitembea na nyimbo za opera hiyo zimechapwa kwenye feni za mkononi, picha za Polly zinauzwa kwa wingi, na maisha yake yameshaandikiwa kitabu. Yote hayo ndani ya msimu mmoja tu, na msimu ulipoisha dada akaacha jukwaa akaenda kuishi na Duke wa Bolton, wakaja kufunga ndoa 1751 mke wa kwanza wa Duke alipofariki.

Hatua ya 4: jua imechongwaje

Hapa ndo lenzi inafanya kazi. Printi nyingi nzuri za waigizaji ni mezotinti, na mezotinti inafanywa kinyumenyume. Fundi anachukua bamba la shaba na chuma chenye ukingo wa mviringo uliojaa meno madogo, anakipembeza juu ya bamba, kwenda mbele, kwenda pembeni, mshazari, anarudia na kurudia mpaka uso wote wa shaba umeota vinyweleo. Ukilipaka wino ukalichapa muda huo unapata weusi mtupu. Sasa anaanza kukwangua: pale anapotaka mwanga, paji la uso, ncha ya pua, lesi ya shingoni, anaondoa vinyweleo kidogokidogo, na anapotaka peupe kabisa anapasugua mpaka pateleze, wino usipate pa kushika. Staa anatolewa gizani. Kwa watu waliozoea kumuona Garrick kwa mwanga wa mishumaa, mbinu hii ilifaa kweli. Ilianzishwa na Ludwig von Siegen 1642, lakini Waingereza waliishika mpaka Wafaransa wakaiita mtindo wa Kiingereza.

Ubaya wake vinyweleo vya shaba ni laini, kila bamba likipita kwenye mashine vinalala. Nakala za mwanzo weusi wake ni mzito kama mahameli, za mwisho zimefifia kijivu, kola na ukuta wa nyuma vimeungana. Kwahiyo printi mbili za bamba moja zinaweza kutofautiana thamani vibaya sana hata kama zote ni halali.

Ukiona mistari inayopishana, mingine inanenepa mingine inakonda, huo ni uchongaji wa mistari, kazi ya polepole, kama hiyo Richard ya Hogarth aliyoichonga pamoja na Charles Grignion. Ukiona nukta nyingi laini zisizo na mpangilio ni mtindo wa nukta uliopendwa mwishoni mwa miaka ya 1700, Francis Haward aliutumia 1787 kumtoa muigizaji Sarah Siddons kama malkia wa tanzia kutoka picha ya mchoraji Joshua Reynolds. Na ikiwa haina alama ya bamba, michoro ina chengachenga kama ya kalamu ya mafuta, basi ni litografia, imechorwa kwenye jiwe, teknolojia ya Alois Senefelder wa Munich mwishoni mwa miaka ya 1790.

Hatua ya 5: sasa ruksa kutazama mwili

Uso bado usiuamini sana, tazama mikono na nguo. Printi ya Garrick kama Hamlet, mwana wa mfalme wa Denmark kwenye tamthilia ya Shakespeare, iliyochongwa na James McArdell 1754 kutoka kwa Benjamin Wilson, inamuonyesha ameona mzimu wa baba yake, mikono yote imerushwa kwa mshtuko. Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alikuja kumuona Garrick jukwaani, na kwenye barua ya 1775 akaeleza tukio hilohilo kwa undani, kofia inaanguka, magoti yanalegea, mikono imenyooshwa, vidole vimetanuka, mdomo wazi. Miaka kama 20 imepita kati ya printi na macho ya Lichtenberg na mshtuko bado ni uleule! Mimi naona printi ilimfunga: watu walilipa kuingia wakisubiri ile pozi waliyoiona kwenye dirisha la duka, angeiacha wangelalamika.

Nguo nazo. Hamlet kavaa suti ya wakati wa Garrick, hakuna Denmark ya kale hapo, na ndivyo walivyocheza kweli, sio uzembe wa mchoraji. Alafu angalia nani hayupo. Printi ya McArdell ya 1761, Garrick kama King Lear kwenye dhoruba, ina wahusika Kent na Edgar ila yule mchekeshaji wa mfalme aliyewekwa na Shakespeare humuoni, kwasababu London ilikuwa inacheza Lear iliyokarabatiwa na Nahum Tate 1681 na Tate alishamfuta. Mchekeshaji huyo alirudi jukwaani 1838.

Hatua ya 6: fuata hela

Jiulize nani anafaidika. Tangu sheria ya 1737 michezo ya kuongea London iliruhusiwa kwenye nyumba mbili tu, Drury Lane na Covent Garden, kwahiyo mashabiki waligawanyika kama timu mbili. Mwaka 1750 nyumba zote mbili zilicheza Romeo and Juliet usiku uleule, usiku baada ya usiku, Garrick na George Anne Bellamy upande mmoja, Spranger Barry na Susannah Cibber upande wa pili, mpaka watu wakaanza kulalamika hakuna kingine cha kuangalia. Kwenye hali hiyo muuza picha hakosi mteja.

Bei inakwambia mteja alikuwa nani. Drury Lane siti za juu kabisa zilikuwa shilingi 1 na boksi shilingi 5. Hiyo Richard ya Hogarth iliuzwa shilingi 7 na peni 6, yaani zaidi ya boksi, hiyo ni ya mwenye nyumba na ukuta wa kuitundikia. Mwaka 1776 John Bell akaja na wazo lingine, anatoa tamthilia mojamoja kwa peni 6 na ndani anaweka picha ndogo ya muigizaji akiwa kwenye nafasi yake. Nusu ya kiingilio cha siti ya bei rahisi, maana shilingi 1 ilikuwa peni 12! Picha za Bell zisome kwa tahadhari, waigizaji wengine wamechorwa kwenye nafasi ambazo hawakuwahi kuzicheza, staa aliuza tu. Baadaye kidogo, miaka ya 1810, zikaja karatasi za peni 1 bila rangi na peni 2 zikiwa na rangi, watu wanabandika vipande vya kitambaa na vikaratasi vya kung'aa juu ya nguo za muigizaji wao.

Na waigizaji hawakuwa wajinga. Garrick akiwa Paris 1764 alimwandikia mdogo wake George aliyekuwa London, analalamika watu wanamsumbua wanataka printi zake, amtumie haraka: sita za ile picha ya Reynolds ambamo kasimama kati ya wanawake wawili, Tanzia na Vichekesho, aende kwa Fisher mchongaji anaishi Leicester Fields atampa nzuri akijua ni za nani, aongeze na Lear, na Hamlet, na ya mchoraji Zoffany. Anajua kila mchongaji na kila bamba, meneja gani angefanya vizuri zaidi?

Hatua ya 7: kama unataka kununua

Lenzi kwanza. Nukta zikiwa zimepangwa mistari iliyonyooka, nafasi sawasawa, hiyo ni picha ya kamera iliyochapwa kwenye mashine mwishoni mwa miaka ya 1800 au baadaye, iache au ilipe bei ya postikadi. Pili rula: pima bamba, sio karatasi, linganisha na vipimo vya makumbusho, kopi nyingi zimepunguzwa. Tatu inua karatasi kwenye mwanga, za miaka ya 1700 mara nyingi zina mistari ya waya ndani yake, ingawa karatasi laini isiyo na mistari ilishaanza kutumika kabla ya 1760 kwahiyo kukosekana kwake sio ushahidi wa uongo. Matundu ya uzi ukingoni maana yake imechomolewa kitabuni, zile za Bell nyingi ni hivyo, hazina shida ila zisiuzwe kwa bei ya mezotinti kubwa. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya ukingo wa chini na ya mgongo wa karatasi, mwache aendelee na maisha yake.

Hatua ya 8: kuitunza ukanda wetu

Tafadhali usiipeleke kulaminetiwa. Najua kila stesheneri wana hiyo mashine na inakuja nzuri inang'aa, lakini ule moto na plastiki ndo mwisho wake, haitoki tena, na lile bonde la bamba linalala. Fundi fremu naye mwambie mapema: asipake gundi, asibandike kwenye hadibodi, asikate ukingo, aweke kadi isiyo na asidi yenye dirisha ili kioo kisiguse karatasi. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar unyevu ni mwingi, ukuta wa nje unatoa jasho, itundike ukuta wa ndani mbali na jua na uishushe mara mojamoja uangalie nyuma kama kuna ukungu au wadudu.

Zoezi: fanya mwenyewe na Ira Aldridge

Aldridge alizaliwa New York 1807, mtu mweusi, akahamia Uingereza akiwa kijana, Aprili 1833 akacheza Othello Covent Garden na baadhi ya magazeti yakamshambulia kwa rangi yake, akaishia kuzunguka mikoani na baadaye Ulaya nzima alikopokelewa kifalme, mpaka akafia Łódź, Poland, 1867. Matangazo yake yalimuita Mwafrika na kumpa ukoo wa kifalme wa Senegal, New York hawaitaji.

Tafuta printi yake kama Aaron, mhusika mweusi wa Titus Andronicus ya Shakespeare, iliyotolewa na John Tallis, upite hatua zote. Kwenye kichwa tazama jina lipi limetangulia. Kwenye pozi kumbuka kwamba mchezo huo aliucheza kwenye toleo lililorekebishwa, Aaron kafanywa shujaa badala ya muovu, uone kama mchongaji kakubali. Alafu rudi kwenye ukingo utafute pinxit. Hautaiona, kwasababu printi hiyo imechongwa kutoka dagerotaipu, muigizaji alikaa mbele ya kamera, mchoraji wa rangi hakuhitajika tena. Mwaka 1854 André Disdéri wa Paris akasajili hataza ya vipicha vidogo vya kadi, kadhaa kwa sahani moja, na hapo hata mchongaji akaanza kukosa kazi.